Mchirizi wa Pili

Kidawa aliingia kwenye banda la fundi simu pale stendi ya Kilwa Masoko, dera lake la kijani limelowa jasho, kompyuta imezima na kazi ya chuo haijaisha. Fundi, kijana aliyeitwa Yasini, alimpa waya bila kuinua macho. Kioo kilipowaka, akayainua.

"Dada, hii nini? Tochi?"

"Galaksi. Imepigwa picha na darubini iliyoko huko angani. Katikati kuna shimo jeusi, na huu mchirizi wa mwanga unarushwa kutoka hapo."

"Mbona uko upande mmoja tu?"

"Iko miwili. Huu unatujia sisi, ndiyo maana unang'aa. Mwenzake umetupa mgongo, hatuuoni."

"Maskini mwenzake," alisema Yasini kwa huzuni ya kweli, na Kidawa akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Tangu hapo kompyuta ile ikawa haikai na chaji hata kidogo, kila siku iko bandani. Jioni ni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje sijakusikia?"

Baada ya Idi, simu zikakatika ghafla. Kidawa akipiga, hazipokelewi. Akipita bandani, Yasini anaitikia salamu tu na kuinamia simu za watu. Binti wa watu akakonda.

Siku hizohizo shangazi yake, Mwahija, akampigia kutoka Mitole. "Mwanangu, kuna posa imekuja. Baba yako anataka neno lako."

"Mwambieni hapana, shangazi. Nina wangu."

Hata jina la mposaji hakuuliza. Angeuliza la nini, wakati moyo wake wote ulikuwa stendi?

Miezi ikapita, akashindwa kuvumilia. Akaenda bandani na kompyuta yake.

"Yasini, nimekukosea nini?"

Yasini aliweka bisibisi chini. "Ulinikataa. Ami yangu alipeleka posa Mitole, akanionya nisikusogelee mpaka wazee wenu wajibu. Nikanyamaza. Jibu likaja hapana."

"Nilikataa kwa ajili yako."

"Ijumaa namuoa Maimuna, wa Songo Songo. Naye hana kosa."

"Siku zote zile ulinipa mgongo."

"Nilikuwa naelekea kwenu."

Kidawa alimpenda, naye alipendwa, na hapakuwa na la kufanya. Yasini akachukua waya, akauchomeka kwenye kompyuta ya Kidawa kama siku ile ya kwanza, wakakaa kusubiri kioo kiwake.