Elfu Kumi na Tisa

Asubuhi ile bandari ya Kalundu ilijaa wapagazi, magunia na harufu ya samaki, na Apolline hakuwa na haja ya mwanaume. Alichuchumaa ndani ya kikwembe chake cha manjano, akipanga mikeke, samaki wa ziwani, mafungu saba sawasawa. Waliobaki aliwaweka pembeni: ndio matabishi, nyongeza ya kumfurahisha mnunuzi. Kivuli kikamwangukia.

"Dada, samaki hamsini na tatu hawapangiki sawasawa, hata ufanye nini."

Alikuwa kijana wa shati jeupe, chaki kwenye kola.

"Weye unanunua ama unahubiri?"

"Minye nafundisha hesabu."

"Ndiyo sababu umekonda hivyo."

Aliitwa Thaddée, naye alirudi kesho yake, na siku iliyofuata. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukwisha, Apolline alikuwa akimwekea mukeke mnono kuliko wote. Siku moja Thaddée akamwandikia namba kwenye karatasi: 10009.

"Hii haigawanyiki, mupenzi. Nimejaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, mpaka karibu na mia. Inabakiza tu. Ni kama minye na weye. Jaribu, utaona."

Mwambie hivyo mwanamke anayegawa samaki tangu utoto! Apolline alikokotoa siku mbili, akamtumia jibu kwa majivuno yote: *Nimeigawa. Kwa saba.*

Alingoja sifa. Hazikuja. Ulikuwa mwaka wa nne wa Uhuru; waasi walikuwa wamefika uwanda wa Ruzizi, karibu na mji, na shule zilikuwa zimefungwa. Siku ya nne Sidonie, jirani yake wa sokoni, akaja mbio.

"Mwalimu yako iko kwa meli ya Kigoma! Anasema umemukatala mu hesabu!"

Apolline aliacha samaki kwa paka. Alimkuta Thaddée kwenye gati, sanduku mkononi, macho mekundu.

"Unanikimbia juu ya nini?"

"Uliniandikia tumegawanyika."

"Niliandika namba! Mafungu saba, kila moja elfu moja mia nne ishirini na tisa."

"Na sita wenye wanabaki?"

"Sita gani? Aa, wale... Niliwatoa matabishi."

Thaddée alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku.

"Mupenzi, mu hesabu hakuna matabishi. Chenye kinabaki kinahesabiwa."

"Basi minye nabaki hapa," alisema Apolline. "Unihesabu."

Kicheko kikaisha. Thaddée akamshika mkono wenye magamba ya samaki.

"Sikukuambia yote. Chukua mia mara mia, ongeza tatu mara tatu: namba ile inatoka kamili. Ukitafuta wawili wengine wa kuijenga hivyo, utazeeka. Ni hao tu, mukubwa na mudogo."

"Mudogo ni nani?"

"Ni minye. Sina hata baiskeli."

Honi ikalia. Karani wa meli akapaza sauti: "Mwalimu, panda! Watu wanapigania nafasi yako!"

"Mupe mwenye anafuata," alijibu Thaddée. "Matabishi."

Apolline alilia waziwazi, kwa furaha na kwa woga. "Vita inakuja, Thaddée."

"Najua. Na minye nakuja kwa baba yako Jumapili, na wajomba wangu."

Apolline akashika upande mmoja wa sanduku, Thaddée upande wa pili, wakashika njia ya Mulongwe, kurudi nyumbani.