Walinzi wa Mfereji

Kila asubuhi kabla ya shule, Severina alibeba jembe lake na kwenda kuvifungulia maji vitunguu vya mama yake, hapa Ruaha Mbuyuni. Jumatatu moja alifungua, likaja tope tu. Majani ya vitunguu yalikuwa yameanza kulala.

"Watu wa ng'ambo ya barabara wanatuibia," alisema Adrian, jirani yake. "Mfereji ni mmoja, unagawanyika pale langoni. Wamelisogeza lango."

Watoto wa kitongoji chao wakaenda na fimbo kulinda lango. Severina, asiyekosa neno la kuongeza, akasema, "Tuwaite na wenzetu wa mlimani. Tukiwa wengi, nani atatugusa?" Wa mlimani wakaja, naye akalala usingizi mnono.

Kesho yake watoto wa ng'ambo wakawaleta binamu zao wa mtoni. Kina Severina wakaita wengine. Ng'ambo nao wakaita wengine. Happy, rafiki yake wa ng'ambo aliyekaa naye dawati moja, akahama dawati. Walinzi waliongezeka, na hofu ikaongezeka nao.

Alhamisi alimkuta Adrian akinoa panga. Alikimbia hadi kwa Mwalimu Esnath.

"Shikamoo, Mwalimu. Kesho watu watakatana, na mimi ndiye niliyeanza kuita watu!"

"Marahaba. Tulia kwanza. Huko juu ya lango, mfereji umekaguliwa na nani?"

Hakuna aliyethubutu kupita huko. Kila upande uliogopa kuviziwa na mwenzake.

Jioni ileile Mwalimu aliwaita wazazi na watoto wa pande zote. Mapanga yakakusanywa, kisha wote wakapanda pamoja kuufuata mfereji. Ndani ya matete wakakuta ukingo umetobolewa na fuko, yule mnyama mchimba mashimo, na maji yanamwagika porini kabla ya kufika langoni. Kumbe mwizi aliyetaka kuwamwagisha watu damu hakuwa hata na fimbo! Wakaanza kuziba kwa mawe na viroba vya mchanga.

"Tuliwaita wa mtoni kwa sababu tuliwaogopa ninyi," Happy alisema, akimpokea Severina kiroba.

"Na sisi tuliwaita wa mlimani kwa sababu hiyohiyo."

Waliporudi shambani, walikuta vitunguu vya matuta mawili ya mama yake Severina vimeshakauka, naye mama akaanza kuving'oa. Mwalimu Esnath akawageukia watoto.

"Kuungana si kosa, wanangu. Hata nchi huungana zilindane, na muungano mzuri huzuia vita. Lakini kila rafiki unayemwongeza upande wako, jirani humwona kama adui mpya mlangoni kwake, naye hutafuta wa kwake. Mwisho wote mna jeshi, na hakuna mwenye amani. Basi, kabla hujaita wa mbali akulinde dhidi ya jirani, nenda kwanza ukamuulize jirani mwenyewe."