Behewa la Kitwana

Haya yalimkuta rafiki yangu Idrisa wa Buguruni, fundi wa treni ndogo za mapambo, anayezipaka rangi ya kutu na masizi zionekane zimechakaa kazini. Mdogo wake, Kitwana, mfanyakazi wa reli, alibanwa na mabehewa akafa, na hata msibani watu walisema ni uzembe wake. Basi Idrisa akaanza kutengeneza behewa dogo, mfano wa mojawapo ya yale yaliyombana.

Mwanne, mjane wa Kitwana, alipoliona uso ulimbadilika. "Shemeji, unachezea kilichomuua mume wangu?"

"Sichezi. Nataka lifanane."

"Likifanana, atarudi?"

Idrisa alifunga mlango, akaenda Kariakoo kununua rangi ya kutu. Aliporudi mchana ule umeme ulikuwa umekatika, na chumba chake hakina dirisha. Gizani akasikia magurudumu madogo yakisaga juu ya meza, vyuma vikagongana, halafu mtu akavuta pumzi kwa shida.

Akawasha tochi ya simu. Behewa aliloliacha likiwa jipya lilikuwa limeota kutu lote. Ubavuni palikuwa na alama ya kiganja chenye damu, ndogo kama punje ya mchele, iliyoteleza kuelekea chini, na bado ilikuwa mbichi.