Matundu ya Kompyuta ya Mongi

Rafiki yangu Najla, mwalimu wa mji wa Sfaksi, alinisimulia haya kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka.

Tangu azikwe mumewe Mongi, Najla hakuhisi uchungu wala njaa. Mama mkwe, aliyekuwa mgonjwa kitandani, alitaka kusikia sauti ya mwanawe iliyorekodiwa kwenye kompyuta, na Najla akataka kuinakili kwenye flashi ampelekee. Lakini kompyuta ilikuwa imesasisha programu yake ya ndani, na tangu siku hiyo matundu yake yalikataa kila flashi.

Mchana mmoja akaipeleka, pamoja na flashi yake, kwa fundi Wajdi, mwenye duka lisilo na dirisha chini ya soko.

“Sasisho ndilo lililotuponza, dada,” Wajdi alisema. “Ngoja tuipumzishe.”

Akachomoa waya, akatoa betri. Mara umeme wa soko zima ukakatika, wakabaki kwenye giza totoro.

“Kaa hapohapo, dada, usije ukajikwaa.”

Ndipo mezani ikasikika ile sauti ndogo ya kompyuta inapochomekwa flashi. Kisha ile ya kuchomolewa. Kisha ya kuchomekwa tena.

“Umeshairudisha betri, kaka?”

“Bado. Ninayo mkononi.”

“Na flashi?”

“Si umeishika wewe?”

Ni kweli, alikuwa ameishika. Najla akanyoosha mkono mwingine, akapapasa ubavu wa kompyuta. Matundu yote yalikuwa matupu. Chini ya vidole vyake sauti ziliendelea, ya kuingia, ya kutoka, ya kuingia, polepole, kwa mwendo wa mtu anayepumua usingizini.