Tumbawe Hataki Kufungua

Mishi alikuwa na tumbawe. Tumbawe alikaa sebuleni, ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Pampu iliimba mchana kutwa. Bwu, bwu, bwu.

Ukimtazama ungesema ni jiwe. Si jiwe, ni mnyama. Akifurahi, hufungua mikono midogo midogo ya kijani.

Hivyo ndivyo alivyosema Mjomba Badi, aliyemleta. Mishi hakuwa ameuona hata mkono mmoja.

Asubuhi Mishi alikwenda kwenye tangi. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa adabu, alibisha hodi.

Ngo, ngo, ngo.
"Hodi, Tumbawe?"
Kimya. Tumbawe kajifunga ndi!

Nyumba nzima ilikuwa ya adabu. Kwao, humpiti mtu bila kumsalimu.

Baba alipita. Aligonga kioo, kisha akammulika Tumbawe kwa tochi, aone kama ameamka.

Nyanya alipita na kikombe cha chai. Aligonga kwa pete yake.

Shee, mdogo wake Mishi, alipita. Aligonga kwa kijiko. Kwa kijiko, jamani!

Ngo, ngo, ngo.
"Hodi, Tumbawe?"
Kimya. Tumbawe kajifunga ndi!

Mishi alianza kuudhika. Akamwonyesha kaimati, ya moto, yenye shira. Nani anakataa kaimati?

Tumbawe alikataa.

Mama akampigia simu Mjomba Badi. Mjomba alisema tumbawe akijifunga mchana hapati mwanga. Asipopata mwanga, hudhoofika. Alasiri atakuja na ndoo, amchukue.

Mishi hakutaka Tumbawe aende. Hakutaka kabisa. Basi akagonga tena, haraka haraka.

Ngo, ngo, ngo! Ngo, ngo, ngo!
"Hodi, Tumbawe?"
Kimya. Tumbawe kajifunga ndi!

"Nimechoka na wewe," Mishi akamwambia. Alikuwa karibu kulia.

Akaenda kitandani. Akajifunika leso gubigubi, kichwa mpaka miguu.

Akaja Baba. Akagonga kitanda, ngo, ngo, ngo. Akauliza Mishi ana nini.

Akaja Nyanya. Akavuta pindo la leso. Akauliza kama amekula.

Akaja Shee na kijiko chake. Akagonga goti la Mishi. Huyu Shee naye!

Mishi akajikunja. Akaibana leso ndi!

"Niacheni kidogo," akasema. "Nitatoka mwenyewe."

 Halafu, ndani ya leso, akafumbua macho.

Mishi akaruka kutoka kitandani. Akamnyang'anya Shee kijiko. Akamwomba Baba aiweke tochi kabatini.

"Nyanya, tusimgonge tena," akasema. "Anatuogopa."

Nyanya hakupenda. Alisema kumpita mtu kimya kimya si adabu.

"Lakini Nyanya, ukipiga hodi mara tatu usiitikiwe, unaondoka," Mishi akasema. "Sisi hatujaondoka."

  Nyanya akaenda jikoni, polepole, kwa ncha za vidole.

Mishi akatandika mkeka, mbali kidogo na tangi. Akalala kifudifudi. Akangoja.

Bwu, bwu, bwu.

Pua ilimwasha. Hakujikuna.

Shee alitaka kucheka. Mishi akamtolea macho. Shee akameza kicheko chake.

Bwu, bwu, bwu.

Kungoja kunachosha, jamani. Kunachosha kuliko kufagia ua. Mishi akangoja tu.

Kisha ukatoka mkono mmoja. Mdogo. Wa kijani.

Ukatoka wa pili. Ikatoka mingine, na mingine, na mingine. Yote ikayumba majini, huku na huku, huku na huku.

Mishi alitaka kupiga kelele. Hakupiga. Alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Alasiri Mjomba Badi alifika na ndoo. Akamtazama Tumbawe. Akaipindua ndoo, akaikalia, akaendelea kutazama.

Alisema huyu haendi popote. Hapa ndipo kwao.

Mishi hakumsikia. Alikuwa amelala fofofo juu ya mkeka.

Nyanya akainama ili amwamshe. Mjomba amekuja, na mtoto lazima amwamkie. Mkono wa Nyanya ukafika karibu na bega la Mishi.

Ukasimama. Ukarudi.

"Tumwache," Nyanya akanong'ona. "Ataamka mwenyewe."

Akamfunika leso mpaka mabegani, akaenda zake.