Nyuzi Arobaini

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, na nayasimulia mimi kwa sababu yeye hasimulii tena kitu.

Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea miamba. Mama alizoea kumtania kwamba wenzake huvunja mawe kwa hukumu ya hakimu, yeye kaomba mwenyewe kwa barua. Dada alicheka, akatia nyundo, dira na daftari kwenye begi, akapanda basi la chuo na wanafunzi wenzake kwenda kufundishwa kazi ya porini kwa wiki mbili.

Siku za mwanzo zilikuwa za kawaida. Walifundishwa kuvunja jiwe bila kujitoboa jicho, kupima tabaka la mwamba limelalia upande gani, kuhesabu hatua ili wajue umbali bila kamba. Mhadhiri wao, mzee mkavu asiyependa maneno mengi, aliwagawa wawili wawili. Dada akapangwa na kijana waliyemwita Rula kwa kupenda kwake kila kitu kinyooke. Walipatana haraka. Rula alimbebea mawe, naye dada akawa mwandishi, maana mwandiko wa Rula ulikuwa kama kuku kapita.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, jua likiwaka, walipewa korongo lao la kupima. Kazi yenyewe nyepesi. Rula anatangulia hatua sitini, anasimama. Dada anamlenga kwa dira, anasoma pembe yake kwa nyuzi. Kisha Rula naye anamlenga dada, anasoma zake, anapaza sauti. Watu wanaotazamana hawawezi kupata namba moja. Dada akisoma arobaini, Rula lazima asome mia mbili na ishirini. Namba zikilingana, basi wote wanatazama upande mmoja, na mmoja wao yuko nyuma ya mwenzake.

Vituo vinne vilikwenda vizuri. Cha tano, Rula alipanda juu ya mwamba mweusi, akasimama. Dada akamlenga. Arobaini. Akaandika, akasubiri.

"Arobaini," ikasema sauti ya Rula.

Dada akamwambia aache utani, asome upya. Sauti ikarudia ileile, taratibu, bila kupandishwa. Hapo ndipo alipogundua kwamba haikuwa na haja ya kupandishwa. Ilitoka karibu.

Akageuka. Changarawe. Vichaka vikavu. Nyayo zao wenyewe.

Akatazama mbele tena. Rula alikuwa palepale juu ya mwamba, dira mkononi, mdomo umefungwa. Dada akauliza anamwona wapi.

"Mbele yangu," ikanong'ona sauti, kisogoni pake. "Umenipa mgongo."

Rula akashusha dira. Hakuwa akimtazama dada. Alikuwa akitazama kitu nyuma yake. Akainua mkono polepole, kama mtu anayemsihi mwenzake asigeuke.

Dada hakugeuka. Alifumba macho.

Changarawe ikalia. Moja. Mbili. Tatu. Hatua zikaja, zikampita ubavuni, karibu na bega la kulia. Hazikuwa na pumzi. Hazikuwa na harufu. Zikaendelea mbele, zikihesabiwa kwa sauti ya Rula, kuelekea kwa Rula.

Alikuwa na muda. Hili ndilo linalomla mpaka leo. Angeweza kupiga kelele, kumwambia akimbie. Alisikia arobaini na tano. Alisikia hamsini. Hakusema kitu.

Sitini. Kimya.

Alipofumbua macho, mwamba ulikuwa mtupu.

Walitafuta siku kumi na tisa, kwa mbwa na kwa watu. Nyayo za Rula zilipanda mwamba ule. Hazikushuka upande wowote. Mhadhiri aliandika barua ya kuacha kazi, na nasikia mpaka sasa huwa anakwenda korongoni peke yake, anakaa, anarudi.

Mama yake Rula alikuja kwetu mara moja. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alikaa mbele ya dada, akamshika magoti, akauliza neno moja tu.

"Ulimwita?"

Dada alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, na tangu siku hiyo hakijatoka. Mama yetu, aliyekuwa akitania kila siku, sasa anamlisha kwa kijiko bila utani. Hospitali wametuambia mwili mzima, hauna kasoro. Dada anashinda kwenye kiti chumbani, mgongo kaubana ukutani, usiache nafasi hata ya kupitisha karatasi. Hulala hivyohivyo.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita mwenye nyumba alileta fundi wa rangi, akawa ananing'inia kwa kamba nje akipaka kuta. Mchana alishuka, akaja mlangoni kuomba maji. Aliyanywa yote. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, ni nani hupanda kule nje kuegemea ukuta.

Akanionyesha picha aliyopiga kwa simu. Kwenye ukuta wa nje, nyuma kabisa ya kiti cha dada, palikuwa na alama ya jasho iliyokolea kwenye rangi ya zamani. Viganja viwili, na katikati yake paji la uso.

Nilimwomba asimwambie mama. Akapaka rangi mara mbili juu ya alama ile, akafunga kamba zake, akaondoka.

Asubuhi yake nilishuka barabarani kuutazama ukuta ule. Rangi ilikuwa bado mbichi. Safari hii mapaji ya uso yalikuwa mawili, kila moja na viganja vyake.