Kaseti Isiyosikilizwa

Asubuhi za likizo, Khamisa alifagia ua, akateka maji, kisha akakaa barazani na sanduku la kaseti za mamake. Huo ulikuwa mwaka wa 1986, na nyumba yao ya Malindi ilikuwa na kaseti sitini na tatu. Bi Zuleikha alikuwa amemwachia bintiye kazi ya kuzipanga.

"Sikiliza kila moja, pande zote mbili, ndipo ubandike karatasi," alisema. "Usiniandikie kwa kubahatisha."

Khamisa, msichana wa miaka kumi na miwili, aliipenda kazi hiyo mwanzoni. Mafungu ya kawaida, kaswida na taarabu, hayakumtosha. Akatunga yake: "Za Kufulia" na "Za Kumliza Shangazi". Fungu moja tu lilitoka kwa mama mwenyewe, "Za Ndani", lenye karatasi nyekundu. Humo ziliingia nyimbo ambazo wanawake huimba faraghani wanapomsinga biharusi kwa singo, ile dawa ya manukato. Kaseti hizo hazikutoka nje, wala mwanamume hakuzisikia.

Siku ya tatu uvivu ukamwingia. Wenzake walikuwa uchochoroni wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kila walipocheka alijiona mfungwa. Akaanza kusikiliza wimbo mmoja tu, akabandika, akatia sandukuni. Kaseti kumi na tano zilikwisha kabla wali haujaiva, naye akatoka mbio kwenda kucheza, roho kwatu.

Kesho yake alasiri ami Badawi, mwenye mkahawa kule Muyeye, alipita kuazima kaseti ya taarabu. Khamisa akamchagulia moja yenye pembe iliyovunjika.

Nusu saa baadaye mama akasema, "Nipe ile ya Bi Shekha, kuna wasichana wanataka kujifunza nyimbo za singo. Ina pembe iliyovunjika. Upande wa kwanza ni taarabu, wa pili ndio wenyewe."

Ndiyo ile aliyompa ami Badawi. Bi Shekha, jirani yao, alikuwa ameimba humo akimtania mumewe, Seif, kwa kukoroma kwake. Alikubali kurekodiwa kwa sababu mama alimwapia kwamba hakuna mwanamume atakayeisikia. Naye Seif alikunywa kahawa kwa ami Badawi kila alasiri.

Angeweza kusema hajaiona. Kaseti hupotea, na nani angejua? Lakini kila dakika upande wa kwanza ulikuwa ukisonga.

"Nimempa ami Badawi, mama. Sikuusikiliza upande wa pili. Nimeandika taarabu tu."

Mama alishika kichwa. "Basi kimbia!"

Khamisa alifika mkahawani akihema. Taarabu ilikuwa imekwisha, Seif ameketi na kikombe chake, na ami Badawi ameishika kaseti akiigeuza.

"Ami, usiitie!"

"Hata salamu, mwanangu?"

"Shikamoo, ami. Nimekosea mimi. Upande huo ni wa ndani."

Ami Badawi hakuuliza zaidi. Akamkabidhi kaseti.

"Kwani humo anaimba nani?" Seif akauliza.

"Wewe kunywa kahawa yako," akajibiwa.

Jioni mama alimpeleka Khamisa kwa Bi Shekha akaseme mwenyewe. Khamisa alisema yote. Aliona haya hata akashindwa kuinua macho.

"Ungenificha nikaja kusikia kwa watu, nisingeimba tena kwenu," Bi Shekha alisema. "Lakini umekuja. Nitaimba."

Waliporudi nyumbani, mama aliliweka sanduku mbele ya bintiye.

"Ukibandika karatasi, umewaambia watu kuwa umesikiliza. Anayeisoma hana la kufanya ila kukuamini. Usilolijua, andika kuwa hulijui. Si aibu."

Khamisa akabandua zile karatasi kumi na tano. Akakata nyingine mpya, akaandika juu ya kila moja: "Bado Sijaisikiliza". Uchochoroni wenzake walimwita. Akatia kaseti ya kwanza redioni, akaisikiliza mpaka ikajizima, kisha akaigeuza.